Shauri la Mshale Unaotoka kwa Seremala Kwenda kwa Mshonaji

CHAMA CHA WATUMIAJI WA UMEME WA JUA WA KICHOCHORO
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SABA (CHA DHARURA)

Tarehe: Jumapili, 9 Machi
Mahali: Sebuleni kwa Mwenyekiti, kando ya jenereta la zamani lililofunikwa kitambaa cha meza
Muda: Kuanzia saa tisa alasiri

WALIOHUDHURIA
Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu (nyumba ya pili)
Mwokaji mikate (nyumba ya tatu)
Seremala (nyumba ya nne)
Muuguzi, mkewe Seremala (nyumba ya nne)
Mshonaji, anayeishi peke yake (nyumba ya tano, ya mwisho)
Katibu, mwanafunzi wa uhandisi wa umeme, mpwa wa Mwenyekiti na mwandishi wa kumbukumbu hizi

ASIYEHUDHURIA
Fundi Viatu (nyumba ya kwanza), bila taarifa, ingawa alionekana akipita dirishani mara kadhaa na kila mara akipunguza mwendo.

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kuacha mapumziko ya Jumapili, akawasihi kila mmoja aseme huku akikumbuka kwamba kesho watakutana bombani.

Seremala aliomba kikao kisogezwe hadi jioni. Alipoulizwa sababu alisema, "Basi tu." Mwenyekiti alijibu kwamba "basi tu" si hoja, na ombi likakataliwa. Muuguzi, ambaye alikuwa ametoka zamu ya usiku asubuhi hiyo na alitarajiwa kurudi kazini jioni, alisema yeye yuko macho kabisa, na kwamba kuna watu wanaoogopa kusemwa mchana peupe.

KUMB. NA. 2/7: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA SITA
Mwokaji alilalamika kwamba katika kikao kilichopita alisema "upuuzi mtupu" na Katibu akaandika kwamba "alionyesha wasiwasi". Wajumbe wengine nao walidai kulainishwa. Katibu alikiri kwamba historia ya watu wanyonge imelainishwa vya kutosha na walioshika kalamu, na kwamba hatapenda kuongeza ukurasa mwingine. Iliamuliwa kwamba kuanzia sasa kauli za wajumbe ziandikwe kama zilivyotamkwa. Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/7: MALALAMIKO YA MSHONAJI KUHUSU KUKOSA UMEME
Mshonaji alieleza kwamba tangu Jumatatu, kila ifikapo adhuhuri, cherehani zake mbili na pasi hukosa nguvu. Alikumbusha kikao kwamba tangu lijengwe lile ghorofa upande wa magharibi, paneli zake huingia kivulini nusu ya siku, na kwamba kwa kuwa nyumba yake ndiyo ya mwisho, umeme wake wote wa alasiri hupitia kwa Seremala. Alisema ana sare za shule nzima, na mteja amempa hadi Jumatano. "Zikikosekana hizo sare nafunga mlango. Narudi kwa kaka yangu, nikalee watoto wa wifi na kuulizwa kila nikinawa kama nimemaliza sabuni."

Mwenyekiti alisema kwamba enzi za jenereta mambo kama haya hayakuwepo. Mtu akikosa umeme alibisha hodi, na ufunguo ulikuwa mahali panapojulikana.

Katibu aliombwa aeleze tena jinsi mfumo unavyofanya kazi, kwa ufupi. Alieleza kwamba kila nyumba ina betri na kisanduku chake. Kila kisanduku hutazama nyumba yake tu: jua lililopo, mawingu yanayokuja, mashine zilizozoea kuwaka saa fulani. Hapo hukisia mahitaji ya saa kadhaa zijazo, hupanga mpango, kisha humnong'oneza jirani wa kulia na wa kushoto. Jirani naye husahihisha mpango wake, hujibu, na mazungumzo hurudiwa mpaka hakuna anayetaka kubadili. Baada ya hapo vinatekeleza robo saa ya kwanza tu ya mpango ule na kuanza kukisia upya. "Hupanga hatua nyingi, hutembea moja, kisha hupanga tena," alisema Katibu. Hakuna kisanduku kinachokiamuru kingine. Hakuna bwana mgawaji.

Mwokaji aliuliza kama huo ndio ufupi.

Katibu aliendelea kwamba kwa mfumo wa namna hiyo, makisio ya uongo ni sumu kisimani. Alikagua jana na kukuta kwamba kisanduku cha nyumba ya nne kimeambiwa kwa mkono kwamba kila adhuhuri mpaka jua kupoa kutawashwa mashine mbili za randa. Kwa hiyo kisanduku hicho kilizuia betri yake, na vya Mwokaji na Mwenyekiti, kwa kuamini kauli ya jirani, vikazuia pia ili kumsaidia. Kila robo saa vilingoja randa ambazo haziwaki. Betri zilijaa, jua likamwagika bure juu ya mapaa, na nyumba ya mwisho ikajibiwa kwamba hakuna.

Mwenyekiti alimuuliza Seremala amenunua lini mashine ya pili. Seremala alisema ana moja tu, na hiyo moja inamtosha kwa kelele.

Muuguzi alisema, "Msihangaike. Ni mimi."

KUMB. NA. 4/7: MAELEZO YA MUUGUZI
Muuguzi alieleza kwamba hakuingilia kisanduku kwa ujinga. Yeye huamka alasiri, na kitu cha kwanza ni kutazama simu. Humo, katika picha ya nyumba zote, huona mshale wa umeme uliopita siku hiyo: unatoka kwake, unaingia kwa Mshonaji. Kila siku. Mnene. Alisema mwanzoni alinyamaza, kwa kuwa mtu mzima hapigani na mshale. Lakini Mwokaji alipomwambia dukani, mbele ya wateja, kwamba "mshale wa bwana wako haukosei njia hata gizani", alirudi nyumbani na mikate yake mkononi akabadilisha makisio kabla hata ya kuvua viatu.

Mwokaji alisema ulikuwa utani wa dukani.

Muuguzi aliendelea kwamba jambo linalomchoma ni hili: alasiri yote mumewe yuko kazini na randa inanguruma. "Mimi ni mlala fofofo, hilo mnalijua. Mashine iko ukuta wa pili na sitikisiki. Kazini wananionea gere, wanasema wao wakirudi wanaamshwa na kuku. Sasa kama randa inakula umeme, wa kupeleka kule unatoka wapi? Si anautoa kwenye akiba ya ndani? Si amekiambia kisanduku kimpendelee mtu?"

Mshonaji alisema, "Dada, mimi shemeji sijamwomba hata sindano."

Muuguzi aliuliza, "Shemeji yako kwa ndugu yako yupi?"

Mshonaji alijibu kwamba ni neno la heshima tu. Muuguzi alisema heshima hiyo ameiona inavyopita kwenye waya. Aliongeza kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zote za kichochoro hiki anashona mtu mmoja. Mshonaji alisema kwamba mume wa mtu hata suruali hajawahi kumletea apunguze. "Anavaa zile zile zenye gundi magotini, nizishone wapi?" Muuguzi aliuliza magoti ya mumewe anayajulia wapi. Mwenyekiti aligonga meza.

Katibu aliomba ufafanuzi wa kitaalamu uingizwe. Kisanduku hakina upendeleo. Hakijui nani ni nani, kinajua ziada na upungufu tu. Endapo randa ingekuwa inawaka alasiri, nyumba ya nne isingekuwa na ziada ya kutoa hata kidogo. Kwa hiyo mshale wenyewe ni ushahidi kwamba randa huzimwa wakati huo, na huzimwa kwa mazoea yasiyobadilika kiasi kwamba kisanduku kimeshayajua na kuyategemea.

Katibu alitoa maelezo hayo kwa nia ya kutuliza. Muuguzi alisimama. "Kumbe anazima! Mnamsikia mtoto wa chuo? Anazima mashine yake, anaacha kazi za watu, ili yule apate!"

KUMB. NA. 5/7: PENDEKEZO LA MWENYEKITI LA KISANDUKU KIMOJA
Mwenyekiti aliona huu ni wakati mwafaka wa kuwasilisha pendekezo lake la siku nyingi. Alipendekeza, kwanza, waya kati ya nyumba ya nne na ya tano ukatwe kwa muda, "hadi nyoyo zipoe." Pili, visanduku vyote vivuliwe mamlaka na badala yake kuwe na kisanduku kimoja kikubwa kitakachopokea habari za nyumba zote na kumgawia kila mtu fungu lake. Kuhusu mahali pa kukiweka, alisema hana ubinafsi, ila sebule yake ina nafasi na watu wameshaizoea njia.

Mshonaji aliuliza, waya ukikatwa yeye atapata umeme wapi. Mwenyekiti alisema hilo litaangaliwa. Mshonaji alisema, "Litaangaliwa na nani, na mimi nikiwa wapi? Jumatano iko pale."

Katibu aliomba nafasi na kupewa. Alisema kwamba dhuluma haipungui kwa kuwekwa kwenye sanduku lenye taa za kijani. Aliuliza: je, kichochoro hiki kilizika ufalme wa jenereta ili kiufufue kwa jina la kompyuta? Nani amesahau foleni mlangoni, chupa za mafuta mkononi, na mama aliyengoja barazani hadi mtawala amalize chai? Alisema kwamba kisanduku kimoja kikifa, nyumba zote hufa nacho. Kikidanganywa, zote hudanganywa. Na anayekaa nacho sebuleni hatakosa siku moja kukohoa kabla ya kufungua. Leo tumebaini uongo mmoja katika nyumba moja kwa sababu majirani wanasemezana. Chini ya mgawaji mmoja, uongo huo ungeitwa sera.

Mwenyekiti alisema, "Mpwa wangu, hapa si chuoni na hakuna mgomo." Aliagiza kwamba maneno kuhusu chai yafutwe. Katibu ameyaandika ili ijulikane ni maneno yapi yaliyoagizwa kufutwa.

Mwenyekiti aliongeza swali: kama mfumo usio na bwana unategemea kila mmoja kusema kweli, mwenye kinyongo akiingia utafanya nini? Katibu alikiri kwamba swali ni zito na kwamba vitabuni mwake jirani amechorwa kama duara, na duara halioni wivu.

Mwokaji alisema kwamba tangu jenereta lizimwe, Mwenyekiti hana wa kumbishia hodi, na kwamba hata visanduku anavionea gere. Mwenyekiti alisema hilo halikuwa kwenye ajenda. Alitengeneza kitambaa juu ya jenereta.

KUMB. NA. 6/7: SABABU YA KUZIMWA KWA RANDA
Mwenyekiti alimtaka Seremala aeleze, kwa kinywa chake, kwa nini huzima mashine kila alasiri.

Seremala alisema hayo ni ya nyumbani kwake. Muuguzi alisema, "Mimi ndio nyumbani kwako. Sema." Seremala alisema hatasema. Alipobanwa zaidi alisema, "Ningesema mwezi uliopita lingekuwa neno. Nikisema leo ni utetezi. Andikeni mnavyotaka."

Muuguzi alisema basi waya ukatwe leo hii, na mkasi anao. Seremala alimtazama akasema, "Umechoka. Hujalala." Muuguzi alijibu kwamba asibadilishe maneno.

Mwenyekiti alimgeukia Mwokaji na kumkemea kwa kuwa chanzo cha fitina kwa ule utani wa dukani. Mwokaji alisema hawezi kubebeshwa mzigo usio wake. "Mimi nilitania kwa sababu kila mtu anajua huyu bwana anazima kwa ajili gani!" Muuguzi aliuliza kila mtu ni nani. Mwokaji alisema, kila mtu, yaani yeye na mke wake.

Alieleza kwamba siku moja baada ya chakula cha mchana alikwenda karakana kuazima jiriwa, kile kibano cha seremala. Alifungua mlango huku akiita, kama ilivyo desturi yake. Seremala alimrukia na kumziba mdomo kwa mkono wenye vumbi la mbao. "Nikadhani kuna nyoka. Akanionyesha ukuta kwa kidole, akaniambia kwa midomo tu, bila sauti: amelala. Randa imezimwa. Mlango wa kati umewekewa godoro. Mwanamume mzima yuko chini anapiga msasa kwa mkono, pole pole, kama anampapasa paka. Nikamwambia, bwana mkubwa, kazi hii mashine inaimaliza dakika mbili. Akanisukuma nje, na jiriwa sikupewa."

Mwokaji alisema kosa lake lilikuwa kumsimulia mke wake kisa hicho akidhani atacheka. Tangu siku hiyo mkewe hamsemeshi vizuri. Kila alfajiri akigonga sinia za mikate anaulizwa kama katika nyumba hii nako kuna mtu anayelala. Alisema ndiyo maana alianza kutania mshale, kwa hasira, maana Seremala amewaharibia waume wote soko.

Muuguzi alisema, "Lakini nikiamka nasikia inanguruma. Kila siku."

Seremala alisema, "Nikisikia maji bafuni ndipo nawasha."

Muuguzi alikaa. Alisema kwa sauti ndogo, na Katibu anaandika kwa mujibu wa uamuzi wa Kumb. Na. 2/7: "Na mimi nawaambia watu nalala fofofo." Kisha aliuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

Seremala alisema, "Ungesema niwashe."

Hakukuwa na mchangiaji mwingine katika ajenda hii. Fundi Viatu alionekana amesimama dirishani, naye hakuondoka.

KUMB. NA. 7/7: MAAMUZI
Baada ya majadiliano yaliyokuwa mafupi kuliko yaliyotangulia, iliamuliwa:

Waya kati ya nyumba ya nne na ya tano usikatwe. Waliounga mkono kuukata: Mwenyekiti peke yake, ambaye alisema anapiga kura hiyo kwa kanuni.

Muuguzi afute makisio ya mashine mbili. Alifanya hivyo papo hapo kwenye simu yake. Katibu alishuhudia visanduku vikisemezana upya, na kabla mjadala haujahamia kwenye jambo lingine, nyumba ya tano ilikuwa imeanza kupokea. Mshonaji alisema kwamba, inshallah, Jumatano atafika.

Kuanzia sasa, mjumbe akibadilisha makisio kwa mkono, simu za majirani zote zilie. Katibu aliongeza kwamba kila kisanduku kitalinganisha neno la jirani na matendo yake, na kumwamini kwa kadiri anavyotimiza. Mwenyekiti alisema hata yeye angeishi hivyo na watu.

Pendekezo la kisanduku kimoja halikupata wa kuliunga mkono. Hata hivyo Mwokaji alipendekeza, na ikakubaliwa, kwamba mjumbe yeyote mwenye tatizo la umeme aanze kwa kubisha hodi kwa Mwenyekiti, hata kama Mwenyekiti hana la kufanya. Mwenyekiti alisema atafikiria, kisha akauliza ni saa ngapi wangependa kuja.

Muuguzi alimwambia Mshonaji kwamba alikosea na kwamba sare zikizidi atakuja kushika pasi siku ya mapumziko. Mshonaji alisema hakuna neno. Muuguzi aliomba ruhusa kwenda kujiandaa kwa zamu. Seremala naye aliomba ruhusa. Alipoulizwa aendako alisema anamsindikiza. Mwokaji alisema mtu na mkewe wanaishi hatua chache kutoka hapa. Seremala alikuwa ameshatoka.

KUMB. NA. 8/7: MENGINEYO
Mshonaji, ambaye tangu ajenda ya sita alikuwa amesema machache, aliomba jambo moja. Alitaka Katibu aiondoe mishale kwenye simu. Kila mjumbe aone kiasi cha umeme alichopata, basi. Asione umetoka nyumba ipi.

Katibu alipinga kwa kanuni, akieleza kwamba uwazi ndio nguzo ya mfumo wa watu huru, na kwamba kuficha njia ya umeme ni kurudi kwenye giza tulilotoka. Mwokaji alisema kwamba tatizo la mshale lilikuwa la Muuguzi, na limekwisha, kwa hiyo haoni mshale unamkera nani tena.

Mshonaji alisema, "Nimeuzoea. Kile kivuli kikishaingia, cherehani zikianza kulegea, nikitazama simu nauona unakuja. Kila siku, bila kukosa. Nikawa nadhani..."

Mwenyekiti alimuuliza alikuwa akidhani nini.

Mshonaji alisema, "Basi tu."

Mwenyekiti alisema hoja imeeleweka. Ombi lilikubaliwa bila kura.

Utekelezaji: Katibu. Mishale imeondolewa kwenye simu zote.

KUMB. NA. 9/7: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti aliwaaga wajumbe mmoja mmoja mlangoni, na yeye mwenyewe akamsindikiza Mshonaji hadi nyumba ya mwisho. Kikao kilifungwa saa kumi na mbili kasoro robo jioni.

Sahihi: ............................ MWENYEKITI
(Ametia sahihi, akisisitiza kwamba suala la chai linabaki kuwa limefutwa.)

Sahihi: ............................ KATIBU